Kutoka Ofisi ya PC hadi Archives: Asubuhi Moja ya Sanaa na Majengo ya Kikoloni Jijini Nairobi

Anzeni asubuhi, saa tatu hivi, kabla jua halijapanda na kabla Kenyatta Avenue haijafurika watu. Mahali pa kukutania ni pale barabara hiyo inapokutana na Uhuru Highway. Nyayo House inajulikana na kila mtu kwa sababu ndiko watu wanakofuatilia pasipoti. Kando yake kuna jengo fupi la mawe la mwaka 1913, ambalo maelfu hulipita kila siku bila kuligeukia. Wazee bado wanaliita Ofisi ya PC, yaani ya mkuu wa mkoa. Leo ni Nairobi Gallery, jumba la sanaa lililo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na ndani yake mna sehemu ya hazina aliyoikusanya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani.

Kutoka hapo hadi Kenya National Archives kwenye Moi Avenue, mwisho wa matembezi haya, ni zaidi kidogo ya kilomita moja. Mwenye haraka huumaliza mwendo huo kwa robo saa. Ninyi mtahitaji asubuhi nzima, na hata hivyo mtaacha mengi.

Nasema ninyi kwa sababu matembezi haya hayafai kufanywa peke yako. Majengo ya kikoloni ya Nairobi yalijengwa kwa kazi ya kuwagawa watu: huyu aingie mlango huu, yule asubiri nje, yule mwingine asionekane kabisa mjini baada ya saa za kazi. Vibao vya maelezo, pale vilipo, vinakutajia mwaka na mtindo wa ujenzi. Havikuambii ni nani aliyesimama nje. Hilo utalipata kwa mtu, na ndiyo maana nashauri uchague mwenzako kwa makini kuliko unavyochagua viatu.

Mwenzako awe nani

Bora zaidi ni mtu ambaye Nairobi yake si yako. Ikiwa ulizaliwa baada ya miaka ya themanini, nenda na mzazi, shangazi au mjomba aliyefanya kazi mjini zamani: karani wa reli, mshonaji, dereva, mwalimu aliyekuja kufuata mshahara. Ikiwa wewe ndiye mzee, chukua mjukuu aliyefika darasa la sita au zaidi, mwenye umri wa kuuliza maswali bila kuona haya. Wawili wanatosha. Kundi la watu kumi litageuka kuwa foleni, na foleni huzungumza na kiongozi wake tu.

Mkiwa bado mnakunywa chai kabla ya kuanza, muulize mwenzako mambo mawili. Mara ya kwanza alipofika mjini, gari au treni ilimshusha wapi? Na ni jengo gani aliliogopa? Swali la pili huzaa mengi kuliko unavyodhani. Karibu kila mtu aliyekulia enzi za ofisi za serikali zenye kaunta ndefu ana jengo lake la kuogopwa, na mara nyingi liko kwenye njia hii hii mtakayopita.

Kwa mzee, panga mwendo kwa kuzingatia mahali pa kukaa. Njia za miguu za Kenyatta Avenue ni pana, lakini madawati ni machache. Kwa mtoto, mpe simu yake au yako awe ndiye mpiga picha, kwa sharti moja: asielekeze kamera kwa polisi, walinzi wala milango ya ofisi za serikali kabla hajaruhusiwa. Simu ikishatumika irudi mfuko wa ndani. Mwezi wa saba vaeni sweta, maana baridi ya Nairobi hukaa hadi saa tano. Aprili na Novemba bebeni mwavuli.

Siku ya kwenda? Siku ya kazi, ukiweza. Jumamosi inafaa mkianza mapema, kwa kuwa Archives hufunga mchana. Jumapili barabara ni tupu na majengo huonekana vizuri zaidi kwa nje, ila mengi huwezi kuingia. Anayependa kuchora au kupiga picha za kuta achague Jumapili. Anayetaka kilicho ndani ya kuta aende siku nyingine.

Ofisi iliyogeuzwa

Msiingie moja kwa moja. Lizungukeni jengo kwanza. Tazameni ulinganifu wake, upande mmoja ukirudia mwingine, na kuba lililoketi katikati kana kwamba ofisi hii ni hekalu. Kumbukeni pia umri wa mji wenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika kwenye uwanda huu mwishoni mwa Mei 1899. Kwa hiyo miaka kumi na minne tu baada ya kambi ya mahema, serikali ilijenga kwa mawe ya kuchongwa, kwa mtindo wa Ulaya wa kale, ili anayefika aone utawala ambao umekuwepo tangu zamani na hautaondoka. Huo ndio ujumbe wa karibu majengo yote mtakayoyaona leo, na ukishautambua hapa utautambua kila mahali.

Kazi ya jengo hili ilikuwa kushughulikia waliokuwa wakiitwa wenyeji, kisha likawa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo walimoandikishwa waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Inasimuliwa pia kwamba umbali wa kwenda miji mingine ulipimwa kuanzia hapa, ndipo pakaitwa Point Zero. Kama mwenzako ni mzee, usishangae akikuambia kwamba alifunga ndoa ndani ya kuta hizi au alifuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mwache aseme. Msipite haraka.

Kiingilio cha makumbusho ya serikali siku hizi hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo mmoja wenu awe na simu yenye salio na bando. Bebeni vitambulisho, kwa sababu bei ya mwananchi si ya mgeni. Ulizeni langoni kuhusu picha. Masharti hutofautiana chumba kwa chumba.

Sasa Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911, baba yake Mgoa, mama yake Mmaasai, akasomeshwa India. Alikuwa kiongozi katika chama cha Kenya African Union (KAU) miaka ya 1950, akaishi uhamishoni London akiipigania Kenya, akarudi, akawa waziri wa mambo ya nje, kisha makamu wa rais wa pili wa nchi hii mwaka 1966. Hakumaliza hata mwaka mmoja katika cheo hicho, akajiuzulu. Wanasiasa wengi wakitoka madarakani hutafuta namna ya kurudi. Yeye alirudi kwenye vitabu na sanaa. Kwa miaka mingi, pamoja na mkewe Sheila, alikuwa akinunua vitu vya Afrika vilivyokuwa vikiuzwa Ulaya na vile vilivyokuwa karibu kupotea hapa nyumbani. Mwaka 1972, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha African Heritage, jumba la sanaa la Afrika nzima, katika jiji ambalo wakati huo wageni wengi walikuja kutafuta wanyama tu.

Ndani mtakuta vitambaa, mapambo ya shanga na ya fedha, viti vya kuchongwa, vinyago, michoro na picha za chapa kutoka pembe nyingi za bara. Maonyesho hubadilishwa, kwa hiyo sitawapa orodha ya chumba kwa chumba. Nitawapa namna ya kutazama.

Ingieni pamoja, mzunguke vyumba vyote mara moja bila kusoma chochote. Kisha achaneni kwa dakika ishirini. Kila mmoja achague kitu kimoja tu ambacho angekipeleka nyumbani kama angeruhusiwa, asimame mbele yake, akitazame mpaka akijue: kimechongwa kwa mti gani, mkono ulishika wapi, wapi kimelika kwa kutumiwa, nani alikivaa na siku gani. Halafu mwite mwenzako umwonyeshe kama unavyomwonyesha mgeni kitu cha kwenu. Baadaye yeye akupeleke kwenye chake. Kibao cha maelezo kisomwe mwisho. Mkianza na kibao, macho hustaafu.

Namna hii hufaa zaidi kwa wazee ambao huona kuwa makumbusho si mahali pao kwa kuwa hawakusoma sana. Mweke bibi aliyesuka vyondo maisha yake yote mbele ya kikapu cha Afrika Magharibi. Atakueleza ufumaji ulipoanzia na pale msukaji alipochoka. Hakuna mwongozaji wa kulipwa atakayekupa hayo.

Kabla ya kutoka, simameni tena chini ya kuba. Chumba kilichojengwa ili mtu mweusi aandikwe kwenye daftari sasa kinashikilia kazi za mikono ya watu weusi, zilizokusanywa na mtoto wa mama Mmaasai, na anayelipa kiingilio huja kuzistahi. Majengo mengi ya wakoloni tuliyarithi tukayatumia vile vile, kaunta ile ile na ukali ule ule. Hili liligeuzwa kweli kweli, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu.

Mkitoka, inueni macho muitazame Nyayo House. Hiyo si ya mkoloni. Ni yetu, ya miaka ya baada ya uhuru, na vyumba vyake vya chini vilitumiwa kuwatesa wapinzani wa serikali miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini. Anayesimulia majengo ya ukandamizaji ya Nairobi akaishia 1963 amesimulia nusu. Kamera muiweke mfukoni hapo.

Kushuka na Kenyatta Avenue

Barabara hii iliitwa Sixth Avenue, baadaye Delamere Avenue kwa jina la mlowezi mkubwa kuliko wote, aliyekuwa pia na sanamu yake hapa mpaka uhuru ulipoingia. Upana wake husemwa kuwa ni wa magari ya ng'ombe: msururu mrefu wa maksai ulihitaji nafasi ya kugeuka.

Hatua chache mbele, kwenye kona ya Loita Street, lipo jengo la mawe lenye mnara. Hilo ni Kipande House, la 1913 pia, lililojengwa na Gurdit Singh Nayar. Kwa miaka mingi halikuwepo refu kuliko hilo mjini. Leo ni tawi la benki ya KCB, na mtu anaweza kuingia kutoa pesa bila kujua alikoingia.

Simameni ng'ambo ya barabara mlione lote, kisha umweleze mwenzako, au akueleze yeye. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuwa na kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi ilitiwa kwenye kikopo cha bati kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia saini ya kumwachilia, mfanyakazi hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine, na akiondoka alisakwa kama mhalifu. Kipande kilikuwa kati ya mambo yaliyomfanya mwanaharakati Harry Thuku awakusanye watu. Alipokamatwa Machi 1922, umati ukaenda kituo cha polisi kilichokuwa karibu na Hoteli ya Norfolk kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawaongoza wanawake kusonga mbele, askari wakafyatua risasi, na zaidi ya watu 20 wakafa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Hapo pa mauaji ni mwendo mfupi kaskazini mwa njia yenu.

Ukiwa na kijana, mwambie atoe kitambulisho chake akishike mkononi huku mkilitazama jengo. Inatosha.

Kutoka hapo mkipenda pindeni kushoto kwenye Muindi Mbingu Street, barabara yenye jina la kiongozi wa Wakamba walioandamana hadi Nairobi mwaka 1938 baada ya serikali kuwanyang'anya mifugo. City Market iko hapo, ukumbi wa zege wa miaka ya 1930 wenye matao makubwa yanayoanzia karibu na sakafu na kukutana juu. Ingieni kwa ajili ya paa hata kama hamnunui maua. Wauzaji wa vinyago watawaita, nanyi salimieni, mseme mnatazama jengo, na bei msiulize kama hamna nia. Shangazi yangu hafiki mbali na hapo bila kupitia Biashara Street kuulizia leso mpya, nami nimejifunza kuiweka leso kwenye ratiba.

Nyuma ya soko umesimama Msikiti wa Jamia, wenye makuba matatu na minara miwili, ambao jengo lake la sasa lilikamilika miaka ya 1930. Wasio Waislamu waulize langoni kwa adabu, wavae mavazi ya kusitiri, wavue viatu, na wasije Ijumaa mchana wala saa za swala. Hata kwa nje unastahili dakika kumi. Waashi na wafanyabiashara wa kutoka India, Wahindu, Masingasinga na Waislamu, ndio walioijenga Nairobi kwa mikono yao huku sheria ikiwapangia mitaa ya kuishi. Msikiti huu ni kati ya majengo ya enzi hiyo ambayo baadhi yao walijijengea wenyewe.

Hatua chache tu kutoka msikitini, kwenye Banda Street, utaona simba wawili wa mawe na nguzo ndefu. Hiyo ni McMillan Memorial Library, iliyofunguliwa 1931. Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba kubwa karibu na Ol Donyo Sabuk. Maktaba ilikuwa ya Wazungu pekee hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ngazi zake hizo hizo, ambazo wanafunzi huzikalia leo na daftari zao, Mwafrika alizipanda akiwa na ndoo ya maji ya kusafishia. Jengo linalindwa na sheria yake maalumu ya bunge, na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limefanya kazi ya kulifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Ulizeni mezani utaratibu wa mgeni wa siku, kisha mkae chini. Miguu ya mzee itakuwa imechoka, na viti vya maktaba ni vya kupumzikia pia. Itazameni samani, dari, madirisha marefu. Nampenda sana mtoto anayesoma humo kwa sauti ya chini huku babu yake akisinzia kwenye kiti cha mlowezi.

Rudini Kenyatta Avenue mkatazame sanamu tatu za shaba za askari na wachukuzi waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mchongaji ni James Alexander Stevenson, na zilizinduliwa 1928. Kama mwenzako ametoka Dar es Salaam atashtuka, kwa sababu Sanamu ya Askari ya kule, ya 1927, ni ya mkono huo huo. Maandishi yako kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwemo. Someni kwa makini ni nani anayetajwa, kisha mtafute majina. Hakuna. Wachukuzi walikufa kwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa, na jina lililowabakia ni la mitaa: Kariakor ya hapa na Kariakoo ya Dar, yote kutokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Stanley Hotel mtaipita kwenye kona ya Kimathi Street. Chai yake ni ghali. Songeni mbele kidogo hadi sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kazi ya Kevin Oduor, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe. Barabara anakosimama iliitwa Hardinge, kwa jina la mtawala wa kwanza wa Kiingereza wa nchi hii.

Archives na baadaye

Mwisho wa njia ni Kenya National Archives, kwenye Moi Avenue, jengo la zamani la benki lenye nguzo, pale ambapo nusu ya Nairobi hukutania. Mbele yake yuko waziri Tom Mboya wa shaba, karibu na duka la dawa alipopigwa risasi Julai 1969. Sakafu ya chini ya Archives imejaa sehemu nyingine ya mkusanyo wa Murumbi: silaha, vyombo vya nyumbani, vinyago, picha. Vitabu vyake na stempu zake za Afrika nazo zilikuja hapa, baada ya yeye kuiuzia serikali alivyovikusanya. Kiingilio ni kidogo, mifuko huachwa mlangoni. Mwanga si mzuri kama wa Nairobi Gallery na vitu vimesongamana, lakini hapa wanafunzi, wauza bidhaa na waliokimbia mvua huingia bila kuvaa vizuri kwanza, na nadhani Murumbi angelipenda hilo. Rudieni mchezo wa kuchagua kitu kimoja, safari hii kwa kubadilishana: kila mmoja amchagulie mwenziwe.

Mahakama ya Juu iliyosanifiwa na Herbert Baker, yule yule wa majengo ya serikali ya Pretoria, pamoja na jumba la mikutano la KICC lililokamilika 1973, viwekeeni siku nyingine. Hali kadhalika Makumbusho ya Kitaifa ya Museum Hill, yaliyofunguliwa 1930, yenye michoro ya Joy Adamson ya watu wa Kenya. Wanaotaka sanaa ya leo waende Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage.

Lakini kama mna nguvu na bado ni mchana, nendeni City Park, Parklands, kwa matatu za Limuru Road. Murumbi alizikwa huko mwaka 1990, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa Februari 1965, na sasa kaburi lake limezungukwa na sanamu za wachongaji aliowathamini. Ulizeni walinzi njia ya makaburi, msiingie ndani ya msitu peke yenu, na ndizi zenu zifunikeni vizuri. Kima wa City Park hawaombi.